Nilisaini mkopo wa gari la mtoto wa dada, sasa deni lililosamehewa naambiwa ni mapato yangu

Ndugu mshauri,

Naomba usitaje jina langu. Ninaishi Ohio na mume wangu. Sote tunafanya kazi za mshahara, tuna nyumba ambayo bado tunailipia, na kila mmoja ana akiba yake ya kustaafu ya 401(k).

Mwaka 2021 mtoto wa dada yangu, ambaye nilimpokea mimi mwenyewe alipoingia nchi hii, alitaka gari. Alikuwa na kazi, ila historia yake ya mikopo ilikuwa fupi, na mkopeshaji akasema hatoi mpaka apatikane mtu wa kusaini naye. Nikasaini. Mkopo ulikuwa dola 24,600. Gari liliandikwa jina lake peke yake, bima alilipa yeye, funguo alikaa nazo yeye. Mimi nilipewa lifti mara chache, na gari langu lilipokuwa gereji niliazima lake kama wiki tatu.

Mwanzoni mwa 2024 alipunguzwa kazini. Marejesho yakasimama, gari likachukuliwa usiku nje ya nyumba anayopanga, likauzwa mnadani. Deni lilikuwa limebaki 19,300, mnada ukaleta 5,900. Tukaambiwa pengo ni dola 13,400, na simu zikaanza kunifuata mimi hadi kazini. Oktoba mtoto akapatana nao walipwe 2,000, zilizobaki wazisamehe. Katika hizo 2,000, mia nane zilikuwa zake, 1,200 zangu. Nikadhani yameisha.

Januari hii ya 2025 imekuja bahasha. Ndani mna Fomu 1099-C, ile ya kuripoti deni lililosamehewa, yenye jina langu, namba yangu ya Social Security, na kisanduku cha 2 kimeandikwa 11,400. Mtoto naye kapata yake, tarakimu zile zile. Mtu anayetutengenezea kodi aliniambia kwa simu: fomu ikija, lazima iingie. Kwa kiwango chetu cha asilimia 22 nimepiga hesabu, ni zaidi ya dola 2,500 kwa gari ambalo sikuwahi kulimiliki.

Mtoto ananiomba: “Mama mdogo, iweke yote kwako, mimi sina kazi, wakinipiga kodi nimekwisha.” Dada naye amepiga simu kutoka nyumbani kunikumbusha kwamba mtoto huyo ni wangu pia. Nimewaza nibebe yote. Nimewaza tugawane nusu kwa nusu. Siku nyingine nawaza niifiche tu hiyo karatasi, maana deni halikuwa langu.

Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Mume wangu hajui kwamba nilisaini. Ritani yetu ya kodi tunajaza pamoja, na fomu bado iko kwenye mkoba wangu. Aprili 15, siku ya mwisho ya kuiwasilisha, inakaribia. Nifanyeje?

Mama Mdogo, Ohio

*

Mpendwa Mama Mdogo,

Umeuliza swali moja la kodi, ila ndani yake naona matatu: deni hili ni la nani machoni pa IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani), mtoto atatokaje, na mezani kwako utasemaje. Niruhusu nianze na la kodi. Likieleweka, mengine mawili yatabadilika sura.

Kwanza, kwa nini msamaha unageuka mapato? Unapokopa, pesa unayopokea haikatwi kodi kwa sababu unatakiwa kuirudisha. Siku mkopeshaji anapokwambia usirudishe, ile sehemu uliyobaki nayo inahesabiwa kuwa utajiri ulioingia mfukoni mwako. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema hivyo mwaka 1931 katika kesi ya Kirby Lumber, na leo imo katika kifungu cha 61 cha sheria ya kodi. Hoja yote imesimama juu ya jambo moja: kwamba pesa uliipokea.

Aliyesaini ili mwenzake apate hakupokea. Mwaka 1968, katika kesi ya Landreth, Mahakama ya Kodi ilieleza kwamba mdhamini anapoondolewa mzigo hawi tajiri kuliko alivyokuwa kabla; ameepushwa tu na kuwa maskini zaidi. Ndiyo maana nasita kukubaliana na mtu wenu wa kodi. Ni kweli fomu haipaswi kupuuzwa. Lakini fomu kufika na kodi kudaiwa ni mambo mawili.

Kwa nini basi mmepata wote, tena kiasi kile kile? Mkopo ukiwa wa dola 10,000 au zaidi, na waliosaini kila mmoja anadaiwa deni lote, kanuni inamtaka mkopeshaji aandike kiasi chote kwenye fomu ya kila mmoja. Hajasamehe 22,800. Amesamehe 11,400 na kuziandika mara mbili, na IRS wanajua hilo. Chapisho lao namba 4681 linasema wazi kwamba mwenye deni la pamoja anaweza kupata fomu yenye kiasi chote na bado asilazimike kukitangaza chote. Linataja vya kuangaliwa: sheria ya jimbo, nani alipokea pesa za mkopo na kiasi gani, nani alidai punguzo la kodi kwa riba, na kama kuna mali ya pamoja iliyonunuliwa kwa mkopo huo, gharama yake iligawanywaje kati ya wenye mali.

Sasa swali ambalo ningependa ujiulize kabla ya yote. Unasema ulisaini “naye”. Ulisaini kama nani? Kanuni hizo hizo hazimlazimishi mkopeshaji kumpelekea mdhamini Fomu 1099-C, hata kama alimdai. Wewe umeletewa. Pengine wamekosea. Pengine pia mkataba unakuita mkopaji mwenza, na wao wameufuata. Watu wengi husema “nilimdhamini” huku karatasi ikisema kitu kingine, na tofauti hiyo ina uzito kwa mkopeshaji na kwa IRS. Kwa hiyo kabla hujaamua lolote, kusanya karatasi.

Anza na mkataba wenyewe. Tazama neno lililochapwa chini ya mstari wa sahihi yako. Kisha tafuta ukurasa mmoja wa onyo kwa anayesaini kwa ajili ya mwingine. Tangu 1985 kanuni ya Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, inawataka wakopeshaji wampe mtu huyo onyo hilo kabla hajawajibika, nalo linamwambia waziwazi kwamba anaombwa kudhamini deni na kwamba mkopaji asipolipa atalipa yeye. Hupewa mtu anayebeba deni la mwingine bila malipo. Ukiwa nalo, ni ushahidi kwamba siku ile mkopeshaji mwenyewe alikuona uko nje ya faida. Halimalizi kesi, ila lina uzito. Ongeza nakala ya hati ya umiliki wa gari yenye jina lake peke yake, karatasi ya bima, na karatasi ya mauzo inayoonyesha pesa za mkopo zilikwenda kulipia gari lake. Zile wiki tatu za kuazima usizifiche ukiulizwa. Kuazima gari hakukupi umiliki wake.

Karatasi ambayo naihofia zaidi ni barua ya mapatano ya Oktoba. Imemtaja nani? Kama imemfungua mtoto peke yake, huenda bado unadaiwa, na hapo fomu yako itakuwa na kosa la aina nyingine kabisa: imeripoti msamaha ambao hukupewa. Angalia kisanduku cha 6. Herufi F maana yake deni lilifutwa kwa makubaliano. G maana yake mkopeshaji aliamua mwenyewe kuacha kudai. Iwe herufi yoyote, omba barua inayotaja jina lako na kusema hudaiwi tena chochote kwenye akaunti hiyo. Usitosheke na simu.

Ukishazipanga hizo karatasi, njia zilizo mbele yako ni hizi, na kila moja ina mwiba wake.

Ya kwanza ni kumwandikia mkopeshaji. Barua fupi, kwa rejista, yenye namba ya akaunti, maelezo kwamba ulisaini kwa ajili ya mwingine na hukupokea pesa wala mali, nakala za ushahidi, na ombi kwamba fomu iliyotolewa kwa namba yako isahihishwe kwa maandishi. Gharama yake ni ndogo. Mwiba ni kwamba mkataba ukikuita mkopaji mwenza, mkopeshaji anaweza kujibu kwamba amefuata kanuni, na hatakuwa amekosea. Jibu hilo halikufanyi udaiwe kodi. Linakupeleka tu kwenye njia ya pili.

Ya pili ni kujaza ritani na kueleza. Mapato ya deni lililosamehewa huingia kwenye jedwali la 1 la Fomu 1040 (fomu kuu ya ritani), mstari wa 8c. Anayeamini kwamba hakupata mapato hapaswi kukaa kimya. Anaambatanisha maelezo ya ukurasa mmoja yanayotaja fomu aliyopokea, kiasi cha kisanduku cha 2, na kwa nini sehemu yake ni sifuri. Hata hivyo kompyuta ya IRS hulinganisha namba, haisomi barua. Huenda miezi kadhaa baadaye ikaja ilani ya CP2000 inayopendekeza kodi. Hiyo bado si hukumu. Kwa kawaida unapewa siku 30 kujibu, na unajibu kwa karatasi zile zile. Wasipokubali hufuata ilani ya upungufu wa kodi, yenye siku 90 za kufungua shauri katika Mahakama ya Kodi. Huko, ukiwa umepinga fomu kwa sababu za msingi na umetoa ushirikiano, IRS haiwezi kuegemea fomu peke yake. Inatakiwa ilete ushahidi mwingine. Njia hii inataka moyo wa kupokea bahasha bila kutetemeka, na faili lililopangwa.

Hapa nikuonye jambo moja, maana nahisi utashauriwa hivyo. Kuna Fomu 982, ambayo mtu huitumia kuondoa kwenye kodi deni lililosamehewa wakati madeni yake yalizidi mali zake. Kwako huenda haifai. Fomu hiyo inasema: mapato yalikuwa yangu, ila nilikuwa nimezidiwa na madeni. Hoja yako wewe ni kwamba mapato hayakuwa yako. Na ukiwa na nyumba na 401(k), ambazo zote huhesabiwa kama mali, kisanduku cha kuzidiwa pengine huwezi kukitia alama kwa ukweli.

Ya tatu ni kutangaza sehemu tu. Kama ushahidi utaonyesha kwamba ulifaidika kwa kiasi fulani, sehemu inaweza kuwa jibu la haki. Lakini nusu kwa nusu kwa sababu tu mko wawili? Vigezo vya Chapisho 4681 havihesabu vichwa, vinaangalia nani alipata nini. Faida ya njia hii ni usingizi, na kasoro yake ni kwamba unaweza kulipa kodi isiyokuhusu. Ukigundua baadaye, una miaka mitatu tangu ulipowasilisha ritani kuirekebisha kwa Fomu 1040-X.

Ya nne ni kubeba yote, kama mtoto anavyoomba. Najua inatoka kwenye upendo, na sitaki kuudharau. Ila tazama inafanya nini hasa. Mtoto ana fomu yake, yenye namba yake. Wewe kutangaza 11,400 hakuifuti. Kompyuta ile ile itamtafuta yeye kwa kiasi kile kile, na wewe utakuwa umeshalipa zaidi ya 2,500, pengine na kodi ya jimbo juu yake. Sadaka hiyo haimfikii unayemkusudia.

Ya tano, kuificha karatasi, nadhani umeshaihisi ubaya wake. Kuacha mapato yaliyoripotiwa kwa fomu bila maelezo yoyote huonekana kama uzembe, na adhabu yake inaweza kufika asilimia 20 ya kodi iliyopungua, riba ikihesabiwa tangu Aprili 15. Ukimya unaweza kukupokonya hoja uliyokuwa nayo.

Sasa mtoto. Dhana iliyojificha katika barua yako ni kwamba kodi hii lazima imwangukie mmoja wenu, yaani ukijinasua wewe unamzamisha yeye. Si lazima iwe hivyo. Ile Fomu 982 isiyokufaa wewe, inaweza kumfaa yeye. Tuseme dakika moja kabla ya msamaha alikuwa na dola 640 benki, vitu vya ndani vya thamani ya 1,500 na akiba ya kustaafu 2,100. Jumla 4,240. Upande wa pili, deni hili 11,400, kadi za mkopo 3,800 na hospitali 900. Jumla 16,100. Amezidiwa kwa 11,860, kiasi kinachopita 11,400, kwa hiyo msamaha wote unatoka kwenye mapato yake. Angekuwa na gari jingine la 5,000, angezidiwa kwa 6,860 tu, na 4,540 zingebaki kukatwa kodi. Hizi ni namba za mfano. Za kwake mnazo nyinyi, na Chapisho 4681 lina karatasi ya kuzipanga.

Mambo yanayoharibu hesabu hiyo ni haya: kutumia hali ya leo badala ya hali ya kabla tu ya msamaha (tarehe iko kisanduku cha 1), kusahau akiba ya kustaafu, na kuweka mali kwa bei ya dukani badala ya bei ambayo zingeuzika siku ile. Anatia alama mstari wa 1b, anaandika kiasi mstari wa 2, na anaiambatanisha na ritani yake. Atatakiwa pia kupunguza baadhi ya faida za kikodi za baadaye, ambazo kijana asiye na mali huwa hana nyingi. Kwa kipato chake huenda akastahili kliniki za kodi za watu wa kipato cha chini, LITC, ambazo humwakilisha mtu mbele ya IRS bure au kwa ada ndogo na husaidia hata wasiozungumza Kiingereza vizuri. Ukitaka kumbeba, kumpeleka huko na kukaa naye kuorodhesha madeni kunaweza kumfaa kuliko kuihamishia fomu kwako.

Kuhusu 1,200 zako, nasikitika kukwambia hazitarudi kupitia kodi. Malipo ya mdhamini yanaweza kuhesabiwa kama deni lililopotea, lakini ukimdhamini ndugu wa karibu, mtoto wa dada akiwemo, sheria inataka uwe ulilipwa pesa taslimu au mali kwa kudhamini huko. Hukulipwa. Kati yako na yeye bado ni deni; kumdai au kumwachia ni uamuzi wenu.

Limebaki lililo mkobani. Ritani ya pamoja husainiwa na wote wawili, kila mmoja akithibitisha kwamba ni ya kweli, na kila mmoja akibeba kodi yote itakayopatikana humo. Yaani ni udhamini mwingine, na safari hii anayesaini bila kujua alichosaini ni yeye. Ilani ya CP2000 ikija itakuwa na majina yenu yote mawili kwenye bahasha. Ipo njia ya mwenzi aliyeachwa gizani kuomba asamehewe, Fomu 8857, lakini ili aitumie itabidi aeleze kwa maandishi kwamba ulimficha. Kujaza ritani mbali mbali nako kunawezekana, ila mara nyingi hupandisha jumla ya kodi mnayolipa nyote wawili, na atauliza kwa nini mwaka huu.

Wewe ndiye unayemjua. Unahofia hasira, au unahofia kuonekana uliweka upande wa kwenu mbele? Hizo ni hofu mbili, na hazizungumzwi kwa namna moja. Ninachokiona kutoka huku nje ni kwamba leo unaweza kumweleza ukiwa na mkataba, ukurasa wa onyo na hesabu mkononi, na kiasi kinachobishaniwa kikiwa bado kinaweza kuwa sifuri. Baada ya bahasha kufika hutakuwa na nafasi hiyo.

Ukihisi muda unakubana, Fomu 4868 inawapa hadi Oktoba 15 kuwasilisha ritani. Haiongezi muda wa kulipa: kodi mnayokadiria inatakiwa iwe imefika Aprili 15. Na kama mkopeshaji atakuletea fomu mpya, hakikisha kisanduku cha marekebisho juu yake kimetiwa alama, kisha itunze pamoja na ile ya kwanza.

Mshauri